Boliti haibaki nyuma

*Fundi, bunduki ya .22 niliyoachiwa na marehemu baba, risasi zikiisha boliti, kile chuma cha kufunga chemba, inarudi mbele. Najua magazini ni tupu nikisikia "ta!" tu. Imekufa? (Pongwe, Tanga)*

Kama ni Ruger 10/22, haijakufa. Ndivyo ilivyoundwa: risasi ya mwisho ikitoka, boliti haisimami. Ukitaka ibaki wazi, ivute kwa mkono na ubonyeze kishikizo kilicho mbele ya kifyatulio. Ila leseni ya marehemu hairithiwi, mwanangu. Pita polisi kwanza.

*Shikamoo fundi. Raifo ya kazini, ya kujipakia yenyewe, zamani ilikaa wazi risasi zikiisha. Siku hizi mara inakaa, mara haikai. (Bagamoyo)*

Marahaba. Hiyo "mara" ndiyo dalili yenyewe. Toa magazini, fungua chemba, tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole uhakikishe hakuna risasi. Pachika magazini tupu, vuta boliti mpaka mwisho, achia. Ikikaa kwa mkono lakini kwenye shabaha haikai, basi boliti haifiki nyuma ya kutosha: uchafu au risasi dhaifu. Isipokaa hata kwa mkono, zitie magazini alama, 1, 2, 3, ujaribu mojamoja. Kosa likiandama moja, springi yake imelegea. Kile kibao cha ndani ya magazini, kinachosukuma risasi juu, hakina tena nguvu ya kuinua kishikizo kinachoizuia boliti. Likiwa kwa zote, kagua kishikizo chenyewe.

Niliwahi kuletewa moja ambayo kishikizo hakichezi kabisa. Nikakikwangua kwa mswaki, ukatoka utando wa njano, unanata kama gundi. Mwenyewe alikuwa anaipaka mafuta ya nazi! Mafuta ya nazi ni ya wali. Pwani hii yenye chumvi tumia mafuta ya bunduki, kidogo, na ufute.

*Mauser yangu kuukuu ni kinyume: magazini ikiwa tupu boliti inakataa kwenda mbele. (Muheza)*

Hiyo ni ya kijeshi, aina ya 98. Kibao chake kimekatwa wima nyuma ili kiizuie boliti, askari ajue risasi zimekwisha. Za kuwindia nyingi huchongwa mteremko, boliti ikapita. Bonyeza kibao kwa kidole gumba ukisukuma boliti, utoe kidole mapema. Wala usidhani ndizo zilizotawala vita vya Tanga, Novemba 1914: askari wengi wa Mjerumani walishika Mauser ya 1871, ya risasi mojamoja, inayofuka moshi.

*Je, nikikichonga kishikizo kidogo kwa tupa, kitashika? (Pangani)*

Hapana. Nunua kipya, akufungie fundi mwenye kibali.