Kirusi kianze na mkazo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mtu wa Mombasa anayejifundisha Kirusi nyumbani aanzie wapi, na kwa nini wengi hukwama mapema? Aanzie kwenye mkazo. Wengi huhangaika na herufi, kumbe kinachowaangusha ni mazoea ya Kiswahili chenyewe.

Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno: kiTAbu, kitaBUni. Kirusi hakina kanuni hiyo. Kila neno lina pahali pake, na neno likibadilika mwisho mkazo waweza kuhama nalo: рука́ ni mkono, ру́ки ni mikono. Ukitamka kwa mazoea ya nyumbani, utaomba му́ка, yaani mateso, na ulitaka мука́, unga. Плачу́ ni nalipa. Пла́чу ni nalia. Tena mkazo ukikosewa, irabu nazo huharibika, maana о isiyo na mkazo hutamkwa karibu na а. Maziwa huandikwa молоко́ lakini husomwa malaKO. Anayesema moLOko amekosea silabi zote tatu.

Tatizo ni kwamba magazeti na vitabu vya kawaida vya Kirusi haviweki alama ya mkazo. Kamusi huiweka. Kwa hiyo neno lisiingie daftarini bila alama yake, na lisiingie kabla hujalisikia likitamkwa. Maneno kumi kwa siku yanatosha: sikiliza, tamka, jirekodi kwa simu, linganisha. Ё peke yake haina shida, kwa sababu karibu kila mara ndiyo hubeba mkazo, ingawa wengi huacha nukta zake wakaandika е tu.

Herufi zenyewe ni 33 na wiki moja yazitosha. Za kuchungwa ni zile zenye sura tunayoijua na sauti nyingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u. Х ni kha ya Kiarabu, na aliyepita chuo cha Kurani anayo tayari. Msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ana faida nyingine: hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama, ambaye p yake hutoka na pumzi. П ya Kirusi ni ile ya nyumba, bila pumzi.

Konsonanti zikirundikana, ulimi wetu hupenyeza irabu. Встре́ча, mkutano, hugeuka «visiterecha». Dawa yake ni kulijenga neno kutoka nyuma: ча, ре́ча, тре́ча, стре́ча, kisha фстре́ча, kwa kuwa в hapo husikika f. Rudia kila hatua mara tano kabla ya kuongeza konsonanti. Ukilianzia mbele, irabu itaingia tu.

Sarufi haitishi kama isemwavyo. Mtu aliyezoea ngeli hashangai kuona kivumishi kikibadilika kupatana na nomino: но́вый дом, но́вая кни́га, но́вое окно́, kama tusemavyo nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Uhusika, yaani nomino kubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, uko wa aina sita, lakini usikariri jedwali zima. Anza na pale Kiswahili kinapotudanganya: «niko mjini» na «naenda mjini» kwetu ni «mjini» moja. Mrusi hutenganisha: я в го́роде, niko, я иду́ в го́род, naenda. Na hiyo иду́ ni ya miguu. Ukitembea kwenda kivukoni Likoni sema иду́. Ukipanda matatu, е́ду. Kitenzi kimoja «naenda» hakitoshi, na kosa hili hudumu miaka kwa anayelipuuza mwanzoni.

Kisha kuna maneno ambayo Kirusi na Kiswahili yaliyapokea kutoka Mashariki, kila lugha kwa njia yake: чай ni chai, халва́ ni haluwa, сунду́к ni sanduku, казна́ ni hazina ya serikali. Yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na uangalie alama: katika yote matatu yenye silabi mbili, mkazo uko mwisho, pale hasa ambapo ulimi wa Mswahili haupendi kuuweka.