Walioharibu Kongwa hawakuwa na shaka

Swali la wiki hii liliuliza: "Kama wanasayansi hubadili kauli kila baada ya muda, mwananchi wa kawaida awaamini kwa lipi?" Mimi ni mkulima wa Kongwa, mkoani Dodoma, kwa hiyo jibu langu naanza na karanga.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wataalamu waone kama Tanganyika ingefaa kulimwa karanga, maana vita ilikuwa imewaacha Waingereza na uhaba wa mafuta ya kula. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa mamilioni ya ekari. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kazi hapa. Vichaka viliyatoa jasho kabla hata ya mbegu kuingia ardhini. Udongo nao, ukilowa unalimika, ukipigwa na jua unakuwa tofali. Na karanga si mtama, hukomaa chini, kwa hiyo hata zilizozaa ilikuwa kazi kuzing'oa. Mvua ikawa ile ile ya Ugogoni: inakuja, inakata, inarudi imechelewa. Mwaka 1951 mradi ukafa, na pauni kama milioni 36 zimeteketea. Sehemu ya eneo lile ikageuzwa ranchi ya ng'ombe, ushauri ambao mfugaji yeyote wa Kigogo angewapa bure.

Wapo wanaosema hapo sayansi ilishindwa. Nakataa. Sayansi yenyewe haikupewa nafasi: halikutangulia hata shamba la majaribio. Hakuna aliyesikilizwa akisema, "Hili bado hatulijui, tungoje misimu kadhaa."

Sasa tazama Makutupora, kwenye visima vinavyolinywesha jiji la Dodoma. Kina cha maji ya chini pale kimepimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipozisoma kumbukumbu hizo waliona kwamba si kila msimu unaoyajaza maji yale. Miaka mingi hushuka tu, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, huyapandisha kwa kishindo. Aliyepima miaka mitano peke yake angeweza kuapa kuwa visima vinakauka, na vipimo vyake vyote vikawa sahihi.

El Niño, yaani joto lisilo la kawaida kwenye Bahari ya Pasifiki, nayo si ya kuapia. Mwaka 2015 ilikuwa kali, watu wakajiandaa kwa mafuriko kama ya 1997, lakini hayakuja kwa kiwango kile. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutisha, na Afrika Mashariki ikafurika, kwa sababu upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mnaita huko kubadili kauli? Mimi naona jambo la pili limeongezwa kwenye hesabu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa msimu wetu, Novemba hadi Aprili, husema maneno kama "wastani hadi chini ya wastani", yaani upande upi una nafasi kubwa zaidi. Taarifa ikifika kijiweni imeshakuwa "wamesema mvua hakuna". Ikinyesha Januari, wanachekwa. Jirani yangu hacheki. Anapanda mtama wa muda mfupi sehemu kubwa ya shamba, na mahindi kidogo bondeni, endapo.

Nakubali kwamba lawama nyingine ni halali. Kuna wataalamu wanaokuja vijijini wakiongea kama wametumwa na Mungu, na hao ndio wanaotuponza. Mimi nawauliza mmepima wapi, miaka mingapi, na mkiona nini mtakiri mmekosea. Msimu uliopita bwana shamba alileta mbegu mpya ya alizeti. Tukamuuliza imejaribiwa wapi. Akasema Kilosa, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu. Na huku? "Huku bado, wazee wangu."

Tukampa robo eka.