Bibi ataongea Kigogo mbinguni? Na mbwa wetu je?

Mama mmoja wa Dodoma ametuandikia. Mama mkwe wake, aliyeongea Kigogo tu, alifariki mwaka huu, na wiki chache baadaye mbwa wao Simba akagongwa na bodaboda. Binti yake wa miaka minane alimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili kama atawakuta mbinguni. Akajibiwa kwamba huko hakuna makabila, lugha ni moja, na mnyama akifa amekwisha. "Sasa hataki kukanyaga kanisani. Nimwambie nini?"

Mama, poleni sana kwa msiba. Maswali ya binti ni mawili, na Maandiko hayayajibu kwa uwazi uleule, kwa hiyo yajibu kila moja kwa wakati wake.

La bibi lina jibu. Someni pamoja Ufunuo 7:9: mbele ya kiti cha enzi Yohana aliona "watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha". Angewatambuaje kama hayo yote yangekuwa yamefutwa? Kisha nendeni 21:26, ambapo heshima ya mataifa inaletwa ndani ya mji, na Matendo 2, ambapo siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Huenda mwalimu aliwaza Wagalatia 3:28, "hapana Myahudi wala Myunani". Paulo hapo anazungumzia urithi: hakuna anayemtangulia mwenzake mbele za Mungu kwa sababu ya ukoo. Mstari huohuo unasema hapana mume wala mke, na hakuna anayedai kwamba mwanamke akibatizwa anaacha kuwa mwanamke. Kinachoondolewa ni kudharauliana. Mwambie binti bila kusita kwamba bibi hakunyang'anywa Kigogo chake. Na baba yake amfundishe wimbo mmoja wa Kigogo ambao bibi aliupenda, ubeti mmoja kwa wiki. Mtoto aliyefiwa anahitaji kitu cha kushika.

La Simba ni gumu, na Wakristo hawajawahi kukubaliana. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba roho ya mnyama hufa na mwili wake. Jibu la mwalimu linafanana na hilo. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika mahubiri mwaka 1781 juu ya Warumi 8:19-22, akisema viumbe vinavyougua sasa vitarejeshwa, wanyama wakiwemo. Papa Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si' wa 2015, aya ya 243, anavipa viumbe vyote nafasi katika uzima wa milele, vikiwa vimegeuzwa kwa utukufu. Lakini hakuna mstari unaotaja hatima ya mbwa fulani wa nyumba fulani. Anayesema "amekwisha" amesema zaidi ya alichopewa, na anayeahidi "utamkuta getini" vilevile. Ahadi ya kubuni ni hatari zaidi kwa mtoto, maana siku akigundua uliitunga, atatilia shaka na yale ya bibi.

Sema hivi: "Mungu hajamsahau Simba. Hajatuambia atamfanyia nini, ila amesema anafanya yote kuwa mapya." Msingi wake ni Luka 12:6, shomoro asiyesahauliwa, na Ufunuo 21:5. Akikutana na 22:15, "huko nje wako mbwa", msomee mpaka mwisho wa mstari: wachawi, wazinzi, wauaji. Wanaosemwa ni watu. Na usikimbilie kumletea mbwa mwingine wakati bado analia.

Mwalimu mwone peke yake, baada ya ibada, Biblia mkononi, bila kumsuta. Mwombe asome Ufunuo 7:9 darasani yeye mwenyewe, kwa sababu neno lililomuumiza mtoto lilitoka kinywani mwake, na mtoto atalipokea sahihisho likitoka kinywa kilekile. Akikataa, mwone mchungaji. Jumapili ya kwanza kaa na binti darasani mpaka kipindi kiishe.