Kwa mafundi wapya mnaoshona bendera ya Taifa

Wadogo zangu wa cherehani hapa Kigoma, baadhi ya bendera tunazozipeleka mashuleni zinaniuma roho. Makosa ni yaleyale kila msimu.

1. Anza na patani ya karatasi. Vipimo ni mbili kwa tatu, tuseme sentimita 60 kwa 90. Mkanda unatoka kona ya chini upande wa mlingoti na kupanda hadi kona ya juu upande wa pili. Wengi mnapiga pembe ya nyuzi 45 kwa mazoea. Mstari huo unafika ukingo wa juu wakati kona bado iko sentimita 30 mbele. Kona hadi kona ni kama sentimita 108. Mkanda mweusi kata 115, ncha utazipunguza baada ya kushona.

2. Hapa ndipo kitambaa kinapopotea bure. Ukingo mrefu wa pembetatu, ya kijani au ya bluu, umekatwa mshazari, kwa hiyo unavutika. Ukiuvuta kidogo tu kwenye mashine unarefuka, mkanda unajikunja katikati, na pasi haisaidii. Kisha fundi anapunguza kingo za nje ili pakae sawa, na mbili kwa tatu imekwisha. Jamani, tusifike huko! Mkanda mweusi na miwili ya njano ikatwe kufuata urefu wa kitambaa. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda. Pembetatu ikae chini, kwenye meno ya cherehani, mkanda juu, uanzie katikati kwenda nje. Mshono ukunjwe mara mbili, maana bendera huonekana pande zote.

3. Njano msiiache. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa kijani, nyeusi, kijani, na michirizi ya njano katikati yake. Ya chama cha Afro-Shirazi kule Zanzibar ilikuwa bluu, nyeusi, kijani. Baada ya Muungano zikaunganishwa, na hii tuliyonayo ikaanza tarehe 30 Juni 1964. Njano ni madini, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi na mimea. Bluu ni maji, pamoja na ziwa letu hili, basi iwe bluu angavu, si ile ya sare za shule.

4. Bomba la kamba lishonwe upande wa kijani. Ukilishona upande wa bluu, geuza utakavyo, kijani haitakaa juu penye mlingoti, na mwalimu atairudisha.

5. Ukingo wa mbali na mlingoti ndio unaoanza kuchanika kwa upepo wa ziwani. Upige mistari mitatu.