Tuwakumbuke askari wetu mtaani, kwa majina yao

Kama mtaani kwenu kuna nyumba ambayo kijana wake alikwenda Vita vya Kagera, vile vya kumng'oa Idi Amin wa Uganda, asirudi, msiiachie Serikali peke yake kazi ya kumkumbuka. Maadhimisho ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai yana heshima yake kubwa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani, viongozi wa dini wanaomba. Lakini mjane wa Isevya, mtaa wa hapa Tabora, hapati pale nafasi ya kusimulia mumewe alikuwa mtu gani.

Sisi hapa tunakutana jioni moja ya mwezi huo, uani kwa mzee wetu mmoja. Anzeni na majina. Piteni nyumba kwa nyumba mapema, mwandike jina kamili, ukoo, kijiji, na kama alikuwa Jeshi la Wananchi (JWTZ), Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au mgambo. Mgambo wasisahaulike hata kidogo. Walikuwemo wengi katika jeshi lililoingia Kampala Aprili 1979.

Kisha watafuteni wenzao waliopigana pamoja nao na wangali hai. Mwaka jana bibi mmoja alifungua pindo la khanga akatoa picha ndogo ya mumewe, imeviringishwa kwenye nailoni. Mzee aliyekaa jirani yake akaishika, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa akituchekesha usiku kule Masaka." Bibi akacheka huku analia: "Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo, baba." Jambo hilo hakuna hotuba ingeweza kumpa.

Msimuulize mfiwa mbele za watu mtu wake alikufaje. Akitaka, atasema mwenyewe. Dua ziwe fupi, shehe na padri wote wapewe nafasi. Chakula kila nyumba ilete kidogo, inatosha.

Watajeni pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 19, 1916, na katika vita ile wanaume wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi ya wageni. Njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi, na walio wengi hawakuandikwa popote. Ukoo wenye simulizi ya babu aliyechukuliwa usione haya kusimama.

Mkiweza kuchanga nauli, mpelekeni mjane Kaboya, wilayani Muleba, walikolala askari wa Vita vya Kagera. Ni eneo la jeshi, ombeni ruhusa mapema. Na asiende peke yake. Aandamane na mjukuu wa kumshika mkono.