Boti inayovuta upande mmoja baada ya kugonga mwamba

Unaeleza kwamba tangu boti yako yenye injini ya nyuma igonge mwamba chini ya maji, inavuta upande mmoja na kutetemeka kila unapoongeza mwendo. Kabla ya yote, kagua ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti ambapo maji hujikusanya: maji yakizidi hata boti ikiwa imetulia, ipandishe nchi kavu mara moja, kwa kuwa ufa ni hatari kubwa kuliko mtetemo.

Mtetemo unaokua pamoja na mzunguko wa injini kwa kawaida hutokana na propela, au shafti (mhimili unaoizungusha), iliyopinda. Zima injini, ondoa ufunguo, weka gia huru, kisha zungusha propela kwa mkono huku umeshikilia kijiti karibu na ncha za mabawa, ukiangalia kama kila bawa linapita kwa umbali ule ule. Kitovu chenyewe, yaani sehemu ya katikati ya propela, kikiyumba, shuku shafti. Injini ikivuma bila boti kushika kasi, huenda mpira wa ndani ya kitovu umeachia.

Kuhusu kuvuta upande, mimi ningeanza na kipezi kidogo kilicho juu ya propela, ambacho kikipinda kidogo tu hufanya usukani ulemee mkono. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Tafadhali usiiendeshe boti mpaka sili, yaani vizibo vinavyozuia maji kuingia kwenye gia, zibadilishwe.