Jozani na mama mwenye magoti mabovu

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye maumivu ya magoti ataweza matembezi ya msitu wa Jozani, Unguja, pamoja na wanao. Ataweza, ila mwambie mwongozaji kabla hamjaanza, awaongoze polepole. Njia ya msituni ni tambarare. Kinachosumbua ni mizizi iliyotokeza juu ya udongo, hasa baada ya mvua. Mama avae viatu vya kufunga, si kandambili.

Kima punju mara nyingi huonekana kwenye miti ya pembezoni, wakichuma majani machanga. Waonyeshe watoto mikono ya kima hao: vidole vinne virefu, gumba ni kama halipo. Nawaomba sana, msiwape hata kipande cha biskuti. Tumbo lao limeumbwa kuchachusha majani, na vyakula vya sukari huwadhuru. Wakiwasogelea, rudini nyuma ninyi. Asili ya mnyama huyu ni Unguja tu, duniani kote.

Mama akichoka, fupisheni matembezi ya msituni lakini msikose mikoko. Kule mnapita juu ya daraja la mbao, na maji ya bahari yakipwa watoto wataona kaa wakikimbilia mashimoni. Mbao zikilowa huteleza, kwa hiyo mtu amshike mama mkono.